Vidole Vinne Begani mwa Rasmus

Katika ukoo wa Bruhn wa pale Shilom, bonde la Sanpete, hakuna mtu ambaye hajaoneshwa mkono wa malaika. Uko kwenye picha kubwa ya Rasmus Bruhn, askofu wa kwanza wa mji, ambayo Neldon Bruhn anaitunza chini ya nyumba yake, kwenye chumba cha akiba, katikati ya madebe ya ngano na chupa za pichi. Rasmus amekaa kitini, ndevu kama fagio la uwanja. Mkewe Kirstine amesimama upande mmoja, amekaza uso kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kusema. Upande wa pili hakuna mtu. Picha inaishia hapohapo, imekatwa wima na mkasi. Ila begani mwa Rasmus, upande huo uliokatwa, kuna vidole vinne vimetulia, na havina mwenyewe.

Kila tarehe ishirini na nne Julai, ukoo unapokusanyika bustanini kuwakumbuka wazee wa kanisa lao waliovuka tambarare wakisukuma mikokoteni kuja bondeni, Neldon huja na picha ile mikononi kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Huwaambia watoto kwamba siku babu yao anapigwa picha, malaika alikuja akasimama nyuma yake. Watoto hutoa macho. Wakubwa huinamia sahani zao za viazi.

Arvilla Holm alisikia hadithi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, na hakuiamini hata dakika moja, kwa sababu mama yake, Thora, alimwinamia palepale akiwa na jeli ya kijani mdomoni, akamnong'oneza kwamba hivyo vidole ni vya bibi.

Bibi huyo wa Thora ni Sidsel Holm. Enzi zile wanaume wa Shilom walipokuwa wakioa wake wawili, watatu, Sidsel ndiye aliyekuwa mke wa pili wa Rasmus. Kisha askari wa serikali kuu wakaanza kuingia vijijini kuwasaka wenye wake wengi, na picha ya mume na wake zake ikawa sawa na kujipeleka jela na godoro lako. Mtu fulani nyumbani kwa Kirstine akachukua mkasi. Msako ukaja ukaisha, mkasi ukarudishwa kabatini, lakini hakuna aliyekumbuka kukirudisha kile kipande. Watoto wa Kirstine wakawa ukoo wa Bruhn. Mtoto wa Sidsel akawa jirani.

Na ujirani huo umedumu. Miaka themanini akina Holm wanakuja kwenye mkutano wa ukoo na bakuli lao la viazi vya jibini, wanakaribishwa kama majirani wa zamani, wanakaa meza ya mwisho karibu na choo, huku kila mmoja wao ana pua ya Rasmus katikati ya uso, pua ndefu yenye nundu, pua ambayo ukiiona gizani unaiamkia.

Mwaka ule Neldon akatangaza kwamba ukoo unatoa kitabu cha wazee wake. Neldon ndiye mwenyekiti. Alistaafu kuuza bima, hanywi chai wala kahawa wala kitu chochote cha dhambi, ila kikombe chake cha soda kina ukubwa wa ndoo ya kukamulia na hakimtoki mkononi. Akaweka sharti moja. Haingii mtu kitabuni mpaka apatikane na vitu viwili: sura yake, na ushuhuda wa kinywa chake mwenyewe. Hadithi za kusimuliwa hataki. Alilisema hilo kanisani, mbele ya watu, akimtazama Arvilla, kwa sauti ya upole kabisa.

Arvilla alikuwa na miaka hamsini na minane, mpishi mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa kulisha watoto mia nne kabla ya saa saba na kubaki na pumzi ya kugombana. Angeweza kulipuuza. Lakini mama yake alikuwa na miaka themanini na sita, chumba namba tisa katika nyumba ya wazee, na daktari wa macho alishasema wazi kwamba majani yatakapoanza kudondoka, Thora atakuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Thora ndiye aliyelelewa na Sidsel tangu mchanga mpaka bibi alipokufa. Hakuwahi kuwa na picha yake.

"Nimwone bibi," alimwambia Arvilla. "Nimwone, na chini yake paandikwe mke wa Rasmus. Nikishaona hivyo, macho yaende yanakotaka."

Hiyo ndiyo kazi Arvilla aliyojitwisha, na alikuwa na kuanzia Machi mpaka Julai.

Alianza na makumbusho ya mji, ambayo ni vyumba viwili na mama mmoja mwenye funguo. Yule mama akamweleza kwamba mpiga picha wa zamani wa Shilom alipiga kwenye vioo, na alipokufa mjane wake alivipiga mnada kasha kwa kasha. Nani alinunua? Mkulima. Anataka nini mkulima na picha za watu? Hataki picha, anataka vioo. Jina lake Peay.

Mtoto wa huyo Peay, Garn, alikuwa bado yupo, mzee wa miaka themanini anayefuga bata mzinga kando ya mfereji. Arvilla alimkuta kwenye vitalu vyake vya nyanya, matuta marefu yaliyofunikwa vioo vidogovidogo vilivyopangwa kama vigae, kimoja kimepanda mgongoni mwa mwenzake, na pale vinapopandana pamegongomewa ubao na kuzibwa kwa puti. Akainama kuchungulia. Kwenye kioo cha kwanza akaona kiatu. Cha pili, nusu ya ng'ombe.

"Dada Arvilla, kama unataka nyanya ungesema," Garn akamwambia. "Huna haja ya kuniezulia paa."

Alipomweleza anachotafuta, mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Alisema tangu mdogo amekula nyanya zilizoiva chini ya nyuso za nusu ya mji huu, na ndiyo maana zina kiburi. Lakini alimletea nyundo, tena ile ndogo, na kwa Jumamosi sita mfululizo wakawa wanang'oa ubao mmoja mmoja, Garn akitaja watu kwa viatu vyao na kuwasema vibaya.

Jumamosi ya sita wakakipata. Katikati ya kioo, mvua na jua vilikuwa vimekula kila kitu. Rasmus alikuwa hayupo; imebaki miguu ya kiti. Kirstine amekuwa wingu. Lakini ukingoni, kwenye ule upana wa vidole vinne uliofichwa na ubao kwa miaka yote hiyo, alisimama mwanamke. Uso mweusi na nguo nyeupe, kama vioo hivyo vinavyogeuza rangi, cheupe kikawa cheusi, ila kila kitu kipo: nywele zilizogawanywa katikati, kifungo kimoja cha shingoni kilichokosekana, pua ya kawaida ya mtu wa kawaida. Mkono wake umenyooka kuelekea kwa wenzake, na unapofika kwenye kifundo cha mkono, pale ubao ulipoishia, unakatika. Mwanamke hana kiganja. Kiganja kiko kwa Neldon.

Garn alivua kofia, akamtazama yule mwanamke, akasema, "Waliosimama katikati wamekwenda na mvua, huyu wa pembeni ndiye kabaki. Usimwambie Neldon, atazimia."

Mwalimu wa picha wa sekondari akamsafishia ile sura, akampa bahasha yenye nakala mbili. Bado ushuhuda.

Ushuhuda aliutafuta kwenye madaftari ya kanisa, kwa maana kila mwezi, Jumapili ya kwanza, watu wa Shilom hufunga kula, na kanisani anayejisikia anasimama kutoa ushuhuda wa imani yake, na zamani karani alikuwa anaandika waliosema. Arvilla alipitia miaka hamsini na saba ya Jumapili za mfungo. Kirstine alisimama mara mia na kitu. Rasmus alikuwa hakai. Sidsel Holm, hata mara moja. Arvilla alidhani karani alikuwa anamruka kwa chuki.

Ndipo mtu akamdokeza kuhusu mafaili ya kesi. Akaomba ruhusa kazini, akaendesha saa mbili mpaka Salt Lake, kwenye nyaraka za zamani, akaletewa jalada la mwaka 1887 lenye vumbi, serikali dhidi ya Rasmus Bruhn, mashtaka ya kuishi na wake wawili. Shahidi wa tatu: Sidsel Holm, miaka ishirini na saba. Karani wa mahakama alikuwa ameandika pembeni kwamba shahidi anatoa maelezo huku ananyonyesha.

Waliuliza yeye ni nani nyumbani kwa Bruhn. Akajibu ni msichana wa kazi; anasuka siagi na kufua. Mtoto huyo ni wa nani? Wangu. Baba yake nani? Simjui. Humjui, au hutaki kumtaja? Simjui, mheshimiwa. Unaapa kwa Mungu wako kwamba hukuwahi kuolewa na mtu huyu aliyekaa pale? Naapa.

Mtu aliyekaa pale alikuwa hatua tano kutoka kwake, na jalada halisemi kama alikohoa. Rasmus aliachiwa siku hiyohiyo kwa kukosa ushahidi. Akarudi Shilom kwa gari la farasi, watu wakampokea kwa tarumbeta. Sidsel alirudi kesho yake, kwa miguu kuanzia njiapanda, akapewa vyumba viwili ng'ambo ya mfereji, na mtoto wake akaandikwa Holm.

Arvilla alinakili karatasi mbili zenye maelezo hayo. Alipotoka nje alikaa garini muda mrefu bila kuwasha. Alikuwa amepata vitu vyote viwili alivyoambiwa avitafute, sura na maneno ya kinywa, na alikuwa anajua namna Neldon atakavyoyasoma.

Na Neldon akayasoma hivyohivyo.

Kwanza aliichukua ile sura akaisogeza kwenye picha kubwa, pale chini kati ya madebe ya ngano. Mkono ukakutana na vidole bila kubakisha hata unywele. Akaitazama, akanyonya soda mpaka barafu ikapiga kelele. Halafu akasoma zile karatasi, mara mbili, na bega lake likashuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Dada Arvilla, kwa kinywa chake mwenyewe hakuwa mke. Alikuwa msichana wa kazi."

"Alikuwa anamtoa jela babu yako, Neldon. Wewe umezaliwa kwa sababu ya hicho kiapo."

"Inawezekana. Lakini mimi naenda na karatasi. Wewe je, una nyingine?"

Hakuwa nayo. Neldon akamwacha akae na hilo kidogo, maana mtu aliyeuza bima miaka thelathini anajua kimya kinauza nini. Kisha akasogeza kiti. Alisema yeye si mtu mbaya. Karatasi za mahakama zinaweza zikarudi kwenye bahasha na asiwahi kuziona. Sidsel aingie kitabuni, aitwe mke, ukurasa mzima. Sura yake iishie mabegani tu, mkono tuuache, watoto wanaupenda ule mkono. Na ushuhuda, basi Arvilla amwandikie mzuri.

"Nimwandikie?"

"Unadhani hawa wengine wameandika wenyewe?" Neldon akacheka, kidogo sana. "Kirstine alikuwa hajui kuandika hata jina lake. Umesoma ushuhuda wake? Nililia wakati naandika."

Arvilla alipanda ngazi akaondoka. Siku tatu alizunguka nalo. Siku ya nne alikwenda kumwona mama yake, akamkuta anamimina maji nje ya glasi, anamimina kwa uangalifu, anasikiliza, anashangaa kwa nini glasi haijai.

Ushuhuda aliuandika jikoni shuleni, watoto walipokwisha kula, nyuma ya karatasi ya ratiba ya chakula. Dakika arobaini. Humo Sidsel alisimama kwa furaha mbele ya watakatifu, waumini wenzake. Alimshukuru Dada Kirstine aliyempokea kama mdogo wake wa damu. Alisema hakuwahi kujuta hata siku moja, na kwamba mume wake alikuwa nguzo na kivuli. Kibaya ni kwamba ilimnogea. Alipofika mwisho macho yalikuwa yamelowa, akarudi juu akaongeza sentensi kuhusu theluji.

Neldon aliupokea, akaubadilisha mkato mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe mji mmoja akamwita binamu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne vitabu vikawa tayari. Arvilla alipitia nyumba ya wazee na nakala moja kabla ya kwenda bustanini. Thora alikuwa ameshavaa, amesukwa nywele, kioo chake cha kukuzia kiko mapajani. Aliufungua ukurasa akauinamia mpaka pua ikagusa karatasi, ile pua.

Kidole kilipita kwenye nywele, kikapita kwenye kola, kikasimama penye nafasi ya kifungo.

"Hakukishona kamwe," akasema. "Alisema kikipotea kimoja, vinavyobaki vinapata heshima." Akacheka peke yake, machozi yanaingia mdomoni. "Ndiye. Ndiye kabisa. Chini wameandika nini?"

"Sidsel Holm Bruhn, mke wa Rasmus."

"Na mkono wake?"

"Haukuingia, Mama. Ukurasa mdogo."

Thora akaukubali ukurasa mdogo. Akajiegemeza, akafumba macho, akamwambia asome yaliyobaki. Arvilla akasoma. Alisoma vizuri, alijua pa kupumzika. Alipofika kwenye theluji akainua macho kumwangalia mama yake, akakuta amekaa wima na uso umefungwa kama mlango.

"Hayo kayasema lini?"

"Kwenye Jumapili ya mfungo, zamani."

"Bibi hakusimama Jumapili ya mfungo." Sauti haikupanda. "Mimi nilikuwa nakaa naye benchi moja, Arvilla. Watu wote wanasimama, mmoja baada ya mwingine, yeye amekaa kimya na mikono mapajani, anaangalia ukuta. Watoto walinicheka eti bibi yangu hana imani. Nikamuuliza. Nilikuwa na miaka tisa. Akaniambia alishasimama mara moja mbele ya watu akaapa kwa jina la Mungu, na alichoapa ni uongo, akakitumia kinywa chake chote siku hiyo. Akasema hawezi kumrudishia Mungu kinywa kile kile kama vile hakijafanya kitu. Mpaka anakufa. Miaka yote hiyo alikaa chini ili asiseme uongo mara ya pili."

Arvilla hakuwa na pa kuangalia. Aliangalia glasi ya maji.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa unatafuta karatasi," Thora akasema. "Hukuniuliza."

Akapapasa kitandani mpaka akakipata kile kioo cha kukuzia, akakirudisha kwenye mfuko wake, akavuta uzi wa mfuko.

"Mara ya kwanza walimwapisha wao. Sasa umemwapisha wewe. Nenda, utachelewa. Viazi vyako vitapoa."

Bustanini jua lilikuwa kali na watu walikuwa mia mbili na zaidi, kofia za majani, bendera, jeli inaanza kuyeyuka. Safari hii akina Holm waliwekewa meza ya pili kutoka mbele. Picha kubwa ilisimama kwenye mguu wa chuma, vidole vinne vinang'aa begani. Desturi ya siku hiyo ni kwamba mjukuu wa kila mzee anasimama kusoma ushuhuda wa mzee wake, na watu wanaitika amina. Wa Kirstine ulisomwa na mwanamke mnene mwenye sauti ya dhahabu. Watu walilia.

"Sasa, kwa mara ya kwanza kabisa," Neldon akasema kwenye kipaza sauti, "Sidsel. Binamu yetu Arvilla atatusomea."

Arvilla hakusimama. Aliweka mikono mapajani, akaangalia mbele, pale ambapo ukuta haukuwepo. Neldon akarudia jina. Watu wakageuka. Garn Peay, aliyealikwa kwa sababu ya nyanya zake, akavua kofia. Mtu wa meza ya nyuma akasema maskini, ameelemewa, na mwingine akamsogezea karatasi ya kufutia machozi ambayo hakuihitaji. Alitaka kusema kitu. Lakini kusema maana yake ni kusimama, na kusimama mbele ya watu hawa, na kitabu kile mkononi, kulikuwa ni kuanza kuapa.

Neldon akasubiri kwa heshima, akatabasamu, akafungua ukurasa.

"Roho imemzidi," akawaambia. "Nitamsomea."

Akasoma. Alisoma vizuri kuliko Arvilla. Furaha mbele ya watakatifu, Dada Kirstine kama mdogo wa damu, nguzo na kivuli, theluji. Ilipokwisha bustani nzima iliitika amina kwa mkupuo mmoja, hata meza ya Holm, hata vijana wa Arvilla mwenyewe, na mwanamke mwenye sauti ya dhahabu akaja akamkumbatia Arvilla kwa nyuma, akaacha vidole vyake vinne begani mwake muda mrefu, vya moto na vyenye jeli.